Weusi wa Juujuu

Mwishoni mwa Septemba 2022 chama cha Labour cha Uingereza kilikuwa kwenye mkutano wake mkuu mjini Liverpool, na kilikuwa na kila sababu ya kuchangamka. Siku chache nyuma Kwasi Kwarteng, waziri mpya wa fedha wa serikali ya Conservative, alikuwa ametangaza punguzo la kodi la pauni bilioni 45 bila kueleza pengo hilo lingezibwa na nini. Pauni ikaporomoka. Riba za mikopo ya nyumba zikapanda. Mpinzani wa kisiasa haombi zawadi kubwa kuliko hiyo. Lakini Rupa Huq, mbunge wa Labour, akizungumza kwenye kikao cha pembeni, aliziweka kando hesabu zote hizo akashika jambo jingine: Kwarteng, alisema, ni mweusi wa juujuu tu. Amesoma shule za matajiri, na ukimsikia redioni huwezi kujua kwamba ni mtu mweusi.

Huq alisimamishwa na chama chake, akaomba radhi. Kwarteng, ambaye siku ile alipaswa kubanwa kwa bajeti yake, akapata nafasi ya kuwa mtu aliyekosewa. Hakudumu, maana tarehe 14 Oktoba alifutwa kazi, na kilichomwondoa ni bajeti. Lafudhi yake haikuhusika.

Ukisema mtu ni mweusi wa juujuu, unadai kwamba upo weusi mwingine, wa ndani, ambao huyu amepungukiwa nao. Dai hilo lina wazee wake, na wazee hao si watu wa kujivunia. Homer Plessy alikuwa fundi viatu wa New Orleans. Kati ya mababu na mabibi zake wanane wa kizazi cha tatu nyuma, saba walikuwa weupe, na kwa sura angeweza kukaa popote bila mtu kugeuza shingo. Mwaka 1892 aliingia kwa makusudi kwenye behewa la wazungu, akajitambulisha, akakamatwa. Mwaka 1896 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba kumtenga ni halali. Ngozi yake haikuwa ushahidi wa chochote. Kilichomhukumu ni damu ambayo hakuna jicho lingeweza kuiona. Waliotangulia kuamini kwamba weusi umejificha ndani ya mtu, na kwamba kuna wakaguzi wenye haki ya kuutafuta humo, walikuwa wabaguzi wenyewe.

Sheria zile zilikufa. Ukaguzi haukufa, ila ulibadili mikono na kubadili kinachotafutwa. Siku hizi kinatafutwa kwenye lafudhi, shule, kanisa, ndoa, muziki aupendao mtu na namna anavyotembea. Mwanasiasa mweusi wa Marekani au Uingereza hukutana na ukaguzi huu kabla hajaulizwa ana mpango gani na hospitali.

Kinachokaguliwa huitwa uhalisi. Katika falsafa ya Ulaya, kuanzia Rousseau hadi Sartre, kuwa halisi ni kuishi kwa kuifuata nafsi yako bila kuiga majirani. Uhalisi wa rangi unadai kinyume chake kabisa, kwamba ufanane na wenzako mpaka wakutambue. Mtu anaambiwa awe yeye mwenyewe, kisha anakabidhiwa orodha ya namna ya kuwa yeye mwenyewe. Mwanafalsafa aliyeliona hili vizuri ni Kwame Anthony Appiah, aliyekulia Kumasi kwa baba mwanasiasa wa Ghana na mama Mwingereza. Katika kitabu alichotoa pamoja na Amy Gutmann mwaka 1996, Appiah alikubali kwamba watu waliodharauliwa kwa rangi yao wana haki ya kuigeuza rangi hiyo kuwa heshima, lakini alihofia kwamba heshima hiyo huja na maelekezo ya jinsi ya kuishi, na maelekezo yakibana sana huwa kifungo kingine. (Historia nayo ina utani wake. Babu mzaa mama wa Appiah, Stafford Cripps, alikikalia kiti kile kile cha Kwarteng, cha waziri wa fedha wa Uingereza, kuanzia 1947 hadi 1950.)

Appiah anamtetea mtu binafsi dhidi ya kundi, na utetezi huo naukubali. Lakini naona unaacha nusu ya jambo. Kundi nalo lina hoja, na kabla ya kuipima hoja hiyo ni vyema tuangalie kundi lenyewe huwa linafanya nini linapoamua mambo mazito, kwa sababu linalotamkwa barazani na linaloamuliwa kwenye sanduku la kura ni vitu viwili.

Clarence Thomas, jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani, alizaliwa mwaka 1948 Pin Point, Georgia, kijiji kilichoanzishwa na watu waliotoka utumwani, ambako watu walizungumza Kigullah, lugha iliyohifadhi mengi ya Afrika Magharibi. Baba yake aliondoka angali mdogo. Nyumba yao iliungua. Akalelewa Savannah na babu yake, mtu mkali aliyejipatia riziki kwa kupeleka mafuta na barafu majumbani mwa watu. Barack Obama alizaliwa Honolulu mwaka 1961, mama yake mzungu mwenye asili ya Kansas, baba yake mwanafunzi kutoka Kenya ambaye hakukaa. Alikulia Jakarta na Hawaii, miaka mingi akiwa mikononi mwa babu na bibi wazungu. Kama weusi ungepimwa kwa ukoo, kwa lugha ya nyumbani na kwa njaa ya utotoni, Thomas angepita wa kwanza, na Obama asingeitwa hata kwenye usaili.

Wapiga kura weusi waliamua kinyume. Mwaka 2008 takriban asilimia 95 yao walimpa Obama kura. Thomas, aliyeingia Mahakama ya Juu mwaka 1991 kukikalia kiti cha Thurgood Marshall, wakili aliyeongoza vita vya mahakamani dhidi ya ubaguzi mashuleni, kwa wengi wao ni mtu aliyejitoa. Na sababu zao ni za kisheria na zina tarehe. Mwaka 2013, katika kesi ya Shelby County, alikuwa miongoni mwa majaji watano walioondoa nguvu ya kifungu muhimu cha Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya 1965. Mwaka 2023 alikuwa upande wa waliovizuia vyuo vikuu kuzingatia rangi katika kuchagua wanafunzi. Unaweza kukubaliana naye au kumpinga, lakini huwezi kusema kwamba wanaompinga hawana la kushika.

Kwa hiyo Wamarekani weusi, linapofika jambo la kuamua nani wa kumwamini, hawatumii kipimo cha uhalisi. Wanapima msimamo, na kipimo hicho ni cha haki kabisa. Kasoro inaingia baadaye, pale hukumu iliyofikiwa kwa msimamo inapotangazwa kwa lugha ya damu. Wamekwisha kuona kwamba Thomas amekosea katika jambo fulani, kisha wanasema kwamba Thomas si mweusi.

Wapo watakaosema hilo ni neno tu la hasira, na kwamba kila mtu anaelewa maana yake. Mimi naona lina gharama, na aliyeilipa kwanza ni Anita Hill. Oktoba 1991 mwanasheria huyu, mweusi kama Thomas, aliyekulia shambani Oklahoma na kusoma sheria Yale kama Thomas, aliiambia kamati ya Seneti kwamba Thomas alimnyanyasa kijinsia alipokuwa mkubwa wake kazini. Thomas alijibu kwa kulifananisha shauri lile na mauaji ya watu weusi mikononi mwa makundi ya wazungu. Lilikuwa jibu la mtu aliyejua nguvu ya lugha anayoitumia. Mara shauri likawa ni la mwanamume mweusi anayeandamwa na maseneta weupe, na kwa macho ya baadhi ya watu weusi Hill akawa ndiye aliyemtoa mwenzake nje ya nyumba akamkabidhi kwa wenye kamba. Seneti ikampitisha Thomas kwa kura 52 dhidi ya 48. Lugha ya kuwa mwenzetu au kutokuwa mwenzetu haina mahali pa kuuliza nani kamkosea nani. Inauliza tu nani yuko ndani, na siku ile ikatosha kumkinga Thomas, ambaye miaka iliyofuata lugha hiyo hiyo ingesema hakuwa mwenzao hata kidogo.

Obama naye aliionja lugha hiyo mapema. Mwaka 2000 alimpinga Bobby Rush katika mchujo wa chama cha Democratic wa kutafuta mgombea wa jimbo moja la uchaguzi kusini mwa Chicago. Rush alikuwa mmoja wa waanzilishi wa chama cha Black Panther jimboni Illinois. Obama alikuwa mwalimu wa sheria Chuo Kikuu cha Chicago, mwenye shahada ya Harvard. Mgombea mwingine, Donne Trotter, alisema kuwa watu walimwona Obama kama mzungu aliyejipaka masizi. Rush alishinda kwa asilimia 61 dhidi ya 30. Miaka minne baadaye, Alan Keyes, mgombea mweusi wa Republican, alimtupia kwamba hana urithi wa utumwa. Mara hiyo Obama alishinda kwa asilimia 70 na kuingia Seneti.

Katika sehemu kubwa ya mwaka 2007 bado wapiga kura wengi weusi walielemea kwa Hillary Clinton, na magazeti yakajaza kurasa kuuliza kama Obama ni mweusi wa kutosha. Kisha Januari 3, 2008 akashinda Iowa, jimbo la karibu wazungu watupu. Wiki tatu baadaye, South Carolina, karibu wapiga kura wanne kati ya kila watano weusi walikuwa wake. Katika wiki hizo tatu damu yake haikuongezeka wala baba yake hakubadilika. Kilichobadilika ni kwamba watu waliona anaweza kushinda. Wazee wa South Carolina walikuwa wamezika viongozi wengi mno, hawakutaka kuipoteza kura yao kwa kijana mwenye hotuba nzuri. Waandishi walisikia shaka juu ya uwezekano wa kushinda wakaiandika kuwa shaka juu ya rangi.

Nilisema kundi lina hoja. Mwanasayansi wa siasa Michael Dawson, katika kitabu chake cha mwaka 1994, alieleza kwa nini Wamarekani weusi wa tabaka mbalimbali hupiga kura kwa kufanana: kila mmoja anaamini kwamba yanayowapata weusi kwa jumla yatamfikia na yeye. Daktari na mfagiaji walitengwa na sheria ile ile moja. Katika hali hiyo, kuuliza kama kiongozi huyu yuko pamoja nasi ni akili ya kawaida. Watu waliowahi kuuzwa na waliokuwa wao, waliowahi kuona mpelelezi akipandikizwa ndani ya vyama vyao, wana haki ya kuuliza hivyo kwa sauti kali. Lakini sikiliza kinachoulizwa. Wanauliza: mambo yakichacha, utasimama wapi, na uko tayari kupoteza nini? Hilo ni swali la ahadi na gharama, na linajibika kwa matendo.

Kama ningetakiwa kuchagua mtu mmoja wa kulipima swali hilo, ningemchagua Walter White, aliyeongoza NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, kuanzia 1931 hadi alipofariki mwaka 1955. White alikuwa na nywele za rangi ya ngano na macho ya buluu. Hakuna mgeni aliyewahi kumdhania kuwa mweusi. Angeweza kuvuka mstari akaishi kwa raha kama mzungu, na wengi wenye sura yake walifanya hivyo. Yeye aliitumia sura ile kusafiri kusini, kukaa na wauaji wakamsimulia kwa fahari jinsi walivyomuua mtu mweusi, kisha akaandika kila kitu. Mwaka 1919 alikwenda Arkansas, ambako wakulima weusi walikuwa wameuawa kwa wingi, na akagundulika. Kwa masimulizi yake mwenyewe, alipokuwa akitoroka kwa treni, kondakta alimsikitikia kwamba anaondoka wakati mchezo ndio kwanza unaanza: kuna mweusi anayejifanya mzungu, na watu wanamsaka.

Mtu huyu alikuwa hana weusi wa juu hata chembe. Tuseme basi alikuwa nao wa ndani? Mimi nasema hatuna haja ya kutafuta humo. Alichagua upande, na aliulipia uchaguzi wake kwa miaka zaidi ya thelathini. Na bado mkaguzi alimfikia. Mwaka 1949 aliachana na mkewe mweusi akamwoa Poppy Cannon, mwandishi mzungu, na mara zikapanda sauti za kumtaka ajiuzulu kwa kuwa ameisaliti rangi yake. Kazi yote ile ikawekwa kwenye mizani na ndoa moja. Mtu ana haki ya kutoipenda ndoa ile, na aliyeachwa ana haki zaidi. Lakini kuigeuza kuwa ushahidi wa usaliti kunaonyesha jinsi kipimo hiki kisivyo na kumbukumbu.

Hata tusi lenyewe maarufu la usaliti wa rangi, Uncle Tom, limemsahau mwenye jina. Katika riwaya ya Harriet Beecher Stowe ya mwaka 1852, Tom anapigwa hadi kufa kwa sababu amekataa kusema walipojificha wanawake wawili waliotoroka utumwani. Michezo ya majukwaani ya miaka iliyofuata ndiyo iliyomgeuza kuwa mzee wa kujipendekeza kwa mabwana.

Kinachoudhi zaidi ni kwamba kipimo hiki, kwa kuwa hakina mwenyewe, huchukuliwa na yeyote apitaye. Mei 2020 Joe Biden alimwambia mtangazaji mweusi kwamba anayesitasita kati yake na Trump si mweusi, kisha akajuta siku ile ile. Julai 2024, mbele ya waandishi wa habari weusi mjini Chicago, Donald Trump alidai kwamba Kamala Harris, binti wa Mjamaika na Mhindi, aliyehitimu Chuo Kikuu cha Howard mwaka 1986, alikuwa Mhindi siku zote na ghafla amegeuka mweusi. Mmoja alikuwa anagawa uanachama na mwingine anaufuta, na hakuna aliyekuwa mweusi kati yao. Yalikuwepo maswali mazito ya kumuuliza Harris juu ya miaka yake ya uendeshaji mashtaka California na vijana weusi waliopita mikononi mwa ofisi yake. Yaliulizwa na wachache, na yakamezwa na kelele za asili ya mama yake.

Linganisha na George W. Bush. Alizaliwa New Haven, Connecticut, mtoto na mjukuu wa wanasiasa, akasoma Yale na Harvard. Mwaka 1999 alinunua shamba Crawford, Texas, na picha zake akikata vichaka zikazunguka dunia. Wapo waliomcheka kwamba anaigiza ucowboy. Hakuna aliyesema kwamba si mzungu. Mwanasiasa mzungu akionekana wa bandia hupoteza kura, lakini rangi yake haiguswi. Mweusi yeye huambiwa kwamba amepoteza vyote viwili.

Sisi wa Afrika Mashariki tusijifanye watazamaji. Obama aliposhinda, Kenya ilitangaza Novemba 6, 2008 kuwa sikukuu, na kanga zenye sura yake zikauzwa pwani nzima. Wakati Wamarekani wanajadili kama ni mweusi wa kutosha, Kenya hakuna aliyejali hilo: alikuwa Mjaluo, mtoto wa Kogelo, na hesabu za kabila zikaanza. Mwaka 2013 alipofika Dar es Salaam akaipita Nairobi, kwa sababu rais wa Kenya na naibu wake walikuwa na kesi The Hague, wako Wakenya waliolichukua kama dharau ya mtu wa nyumbani. Alipokuja hatimaye Julai 2015 akazungumzia ufisadi, ukabila na haki za mashoga, la mwisho likajibiwa kwamba si letu. Methali inasema mkataa kwao ni mtumwa. Sawa, lakini kukataa ni tendo, na anayemshitaki mtu kwa tendo aonyeshe lilitendwa lini na wapi. Obama alikuwa rais wa nchi nyingine.

Wakongo wanajua mambo haya yanavyokuwa serikali inapoyashika. Mwaka 1971 Rais Mobutu aliipa nchi jina la Zaire, na mwaka uliofuata akapiga marufuku majina ya Kikristo. Suti na tai zikatoweka maofisini, vazi la abakosti likaingia. Joseph-Désiré mwenyewe akawa Mobutu Sese Seko. Kadinali Malula alipopinga, alilazimika kwenda Roma. Kwa jina, kwa vazi na kwa kofia ya chui, hakukuwa na mtawala aliyefaulu mtihani wa uhalisi kama yeye, na aliutunga mwenyewe. Mtihani huo haukuwa na swali hata moja juu ya fedha za shaba, wala juu ya jumba lake la kifahari katika pwani ya kusini ya Ufaransa.

Mwanafalsafa Tommie Shelby, katika kitabu cha mwaka 2005, anapendekeza kwamba mshikamano wa watu weusi ujengwe juu ya dhuluma wanayoipinga kwa pamoja, bila kusubiri wakubaliane ni nini kuwa mweusi. Naongeza kwamba mshikamano wa namna hiyo unaruhusu jambo ambalo uhalisi hauruhusu: kumfukuza mtu kwenye uongozi bila kumfukuza kwenye ukoo, na kumpokea tena akibadilika. Pia unamnyima kiongozi mbaya lile pango la kujifichia, kwa kuwa ngozi haikuwa sifa yake ya kuchaguliwa na haiwezi kuwa kinga yake ya kutoulizwa.

Jaji Thomas ana zaidi ya miaka thelathini mahakamani. Maamuzi aliyoyaandika yamechapishwa, yana tarehe na sahihi yake, na yeyote anaweza kuyasoma. Wanaotaka kumshitaki waanzie hapo, na Pin Point waiache ilipo.